Python ya Zamani na Ndama wa Nainokanoka

Ofisi yetu Karatu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya gereji ya magari ya utalii. Mchana kutwa nilisikia mafundi wakigonga springi za Landkruza, na harufu ya grisi iliingia hadi mezani kwangu. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Tulifuatilia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuua ndama, kwenye maboma ya Ngorongoro na Loliondo. Wenzangu walikwenda kwenye mifugo. Mimi nilibaki na kompyuta. Nimezaliwa Mbulumbulu, kwa wakulima wa ngano na maharage, na kusema kweli nilikuwa najua zaidi mafaili ya ng'ombe kuliko ng'ombe wenyewe.

Mchanjaji wetu alikuwa mwanaume wa makamo kutoka Wasso. Chanjo ya ndigana si dawa ya kuweka kwenye friji. Ni vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi isiyo na mfano. Naitrojeni ikipungua, vimelea vinakufa, na ndama anadungwa kitu kisicho na faida. Yule bwana aliufunga mtungi nyuma ya gari kwa vipande vya mpira wa tairi, kisha akaketi hapo hapo nyuma, ameuegemea. Sikumwona hata mara moja akikaa mbele na dereva. Kila asubuhi alichovya kijiti ndani ya mtungi kupima kina, akaandika kwenye daftari la jalada gumu alilokuwa nalo muda wote.

Msimu mmoja ndama waliochanjwa walianza kufa Nainokanoka. Wengi walikuwa wa boma moja, la mama mjane aliyekuwa wa kwanza kukubali chanjo pale kijijini. Alipoteza sita, wote wakiwa na hereni zetu za alama ya chanjo masikioni. Mchanjaji alichukua sampuli za damu na tezi, zikapelekwa maabara, na baada ya wiki kadhaa majibu yakanifikia mimi, si kama majibu bali kama mafaili makubwa ya vinasaba, herufi nne zinazojirudia mamilioni ya mara. Kazi yangu ilikuwa kuyapa maana.

Swali lilikuwa moja. Kimelea kilichoua wale ndama kilitoka kwa ng'ombe au kwa nyati? Kama ni cha ng'ombe, chanjo ilipaswa kukizuia, na kwa kuwa haikukizuia, ilikuwa imeharibika njiani. Kama ni cha nyati, chanjo haikuwa na kosa, maana kile cha nyati ni ndugu yake lakini kinaweza kuipita. Kulikuwa na programu ya kutofautisha hivyo viwili. Iliandikwa miaka mingi nyuma na mtafiti mmoja ambaye sasa alikuwa anafanya kazi nyingine na hakujibu barua pepe.

Programu ile haikuweza kuendeshwa kwenye kompyuta yangu. Ilihitaji klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa pamoja kwenye chumba kimoja cha chuo, mji mwingine, zinazotumia Linux. Unaingia kwa intaneti, unapata dirisha jeusi, unaandika amri. Na kabla ya kuitumia ilibidi niikompaili mwenyewe, kuigeuza kutoka maandishi ya aliyeiandika kuwa kitu ambacho mashine zile zinaweza kukiendesha.

Sehemu ya programu ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Python, na klasta ilikuwa na matoleo mawili ya lugha hiyo. Toleo la zamani lilikuja na mfumo wa mashine na lilikuwa limekaa pale siku zote. Toleo jipya liliwekwa baadaye, na ukilitaka unaliita kwa amri. Mwongozo wa programu ulisema tu kwamba unahitaji Python. Haukutaja ipi, kwa sababu ulipoandikwa kila mtu alijua.

Niliita toleo jipya, nikaanza kukompaili kwa kifaa cha ujenzi, programu nyingine ndogo inayofanya kazi hiyo. Maandishi yalipita kwenye skrini hadi mwisho bila kosa hata moja. Nilipoiendesha, ikasema haioni sehemu yake yenyewe, ile iliyokuwa imetoka kujengwa dakika hiyo hiyo. Nikarudia. Nikarudia tena. Siku tatu zilikwisha hivyo. Siku ya nne nikampigia simu msimamizi wa klasta, dada ambaye sijawahi kuonana naye hadi leo. Namjua kwa sauti tu, sauti ya mtu anayekula karanga huku anaongea.

"Umeiambia itumie Python ipi?" aliniuliza.

"Mpya. Naita mpya kila ninapoingia."

"Wewe umeita mpya. Kile kifaa kinachokompaili umekiambia?"

Nilipandisha skrini kutafuta amri niliyoandika.

"Kina mazoea yake," akaendelea. "Kinatafuta Python kwenye njia kinayoijua, na hapo kimeikuta ya zamani. Kwa hiyo umejenga kwa ya zamani, halafu unaendesha kwa mpya. Haziwezi kuelewana. Chagua moja. Jenga na uendeshe kwa ya zamani, au kilazimishe kitumie mpya. Ukilazimisha, ufute kwanza folda yote ya ujenzi, maana kinakumbuka Python kiliyoikuta mara ya kwanza."

"Wewe dada ungechagua ipi?"

"Programu ni ya lini?"

"Ya siku nyingi."

"Basi mimi ningeiacha na ya umri wake. Ila ujue ya zamani haitunzwi tena, na sisi tukibadilisha mfumo tutaiondoa. Uamuzi ni wako."

Nilichagua mpya. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sababu si ya kitaalamu. Mwaka mmoja kabla nilikuwa kwenye mafunzo Arusha ambako kijana mmoja alisema bado anatumia toleo la zamani, na chumba kizima kikacheka. Nilicheka pia. Sikutaka kuwa yeye.

Nikafuta folda, nikakiandikia kifaa njia kamili ya kufika kwenye Python mpya ili kisitafute chenyewe, nikakompaili. Sasa sehemu yake ikaonekana. Programu ilianza kufanya kazi, ikafika mahali fulani ikasimama na kulalamika kwamba inahitaji namba nzima na imepewa yenye desimali.

Hapo naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka kwenye mstari huo mmoja. Katika Python ya zamani, saba ukiigawa kwa nne unapata moja. Kinachobaki kinatupwa. Katika mpya unapata moja na robo tatu. Aliyeandika programu alitumia kugawa ili kujua kila alama ya kimelea iko kwenye kipande cha ngapi, na alitegemea kile kinachobaki kitupwe. Mimi nilipoona desimali, nikaongeza neno moja la herufi tano linaloiambia mashine ikadirie kwenda namba nzima iliyo karibu. Kwa hiyo moja na robo tatu ikawa mbili. Karibu nusu ya alama zilihamia kipande kisicho chao, zikalinganishwa na vitu visivyohusika, na programu ikaziweka kando kama zisizosomeka. Zilizobaki ni zile ambazo kwazo kimelea cha ng'ombe na cha nyati hufanana, na kwa hizo pekee programu huita kila kimelea cha ng'ombe.

Sikuyajua hayo wakati ule. Nilichotaka ni malalamiko yaishe, na yaliisha. Ndani ya programu kulikuwa na folda ya mfano, sampuli tano ambazo majibu yake yanajulikana, ili mtu ajaribu kabla ya kuanza kazi. Niliiona. Sikuifungua.

Majibu ya ndama sita yalitoka siku hiyo hiyo. Wote sita, kimelea cha ng'ombe.

Kikao kilifanyika ofisini, watu watano tumebanana kwenye chumba cha mbele. Nilionyesha jedwali langu ukutani. Mkuu wa mradi aliliangalia, kisha akamgeukia mchanjaji.

"Maana yake chanjo ilikufa kabla ya kufika."

"Naitrojeni haikushuka," mchanjaji akasema. Akafungua daftari lake, akaliweka mezani. "Nimeandika kila siku. Hapa. Na hapa."

"Daftari linaandikwa na mtu," mkuu akajibu.

Hakuna aliyelichukua lile daftari kulisoma. Nakumbuka lilibaki wazi mezani, na baada ya muda mwenyewe akalifunga kwa mikono miwili, polepole.

Tulipotoka alinisubiri karibu na geti la gereji. Alizungumza kwa adabu, kama alivyozungumza na kila mtu.

"Dada, ile mashine yako inaweza kukosea?"

"Mashine inafanya inachoambiwa, kaka," nilimjibu.

Niliona nimesema jambo la maana. Akatikisa kichwa, akashukuru. Wiki iliyofuata alikabidhi mtungi na funguo za kabati la chanjo, akasema anaomba kupumzika. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwomba abaki. Alipanda basi la Wasso na begi moja.

Mradi ukaajiri mchanjaji mwingine na kuleta mtungi mpya. Wafugaji wa Nainokanoka walipelekewa habari kwamba chanjo ya msimu ule ilikuwa imeharibika, na kwamba ndama waliobaki watachanjwa upya bila wao kuchangia chochote. Walikubali. Ndama wakachanjwa, wakarudi kuchungwa palepale kwenye bonde lenye maji walipokuwa wakichungwa, kwa sababu hatukuwa tumewaambia wasiende.

Haukupita muda mrefu ndama wawili zaidi wakafa kwenye boma la yule mama. Mchanjaji mpya, mtungi mpya, chanjo mpya. Habari ilinifikia kwa simu saa nne asubuhi, na nilikaa nikitazama fundi mmoja akijaza upepo tairi. Nilihesabu vilivyobadilika na visivyobadilika tangu kikao kile. Jibu langu lilikuwa miongoni mwa vichache ambavyo havikubadilika.

Ndipo nikafungua folda ya mfano. Sampuli tano. Programu yangu ilipata mbili, ikakosa tatu. Zote tatu zilikuwa za nyati, na zote iliziita za ng'ombe.

Sikupoteza muda kutafuta kosa. Nilitoka kwenye klasta, nikaingia upya, safari hii bila kuita toleo lolote. Nikachukua programu kama ilivyoandikwa na mwenyewe, bila neno langu la herufi tano, nikaiweka kwenye folda mpya na kuikompaili. Kifaa kikatafuta Python, kikaikuta ya zamani, kama kilivyotaka kufanya tangu siku ya kwanza. Kazi yote haikuchukua dakika kumi. Nikaendesha mfano, nikapata tano kwa tano. Nikaendesha ndama sita wa Nainokanoka. Watano nyati. Kwa mmoja programu haikuweza kusema.

Siku zote zile nilikuwa nashindana na kile kifaa, na ningekiacha tu kingefika. Nilifikiri hilo kwa utulivu wa ajabu, kama jambo la mtu mwingine.

Nilimwambia mkuu wa mradi kabla ya chakula cha mchana. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nina uhakika, nikamwonyesha zile sampuli tano za mfano. Akasema niandike ukurasa mmoja wa masahihisho, atautuma kwa barua pepe kwa wote.

"Mchanjaji hana barua pepe," nikasema.

"Basi mpigie."

Nilipiga, simu haikupatikana. Nilipojaribu kesho yake ilipatikana, na nikaikata kabla hajapokea. Niliona haifai kusemwa kwenye simu.

Kwanza nilikwenda Nainokanoka na mwenzangu wa mifugo, kwa sababu ndama walikuwa bado wanachungwa bondeni. Kulikuwa na ukungu mzito tangu tulipopita geti la hifadhi, na dereva aliendesha taa zikiwaka mchana. Yule mama alikuwa nje ya boma amejifunga shuka mbili kwa baridi, anamkagua ndama masikio kutafuta kupe. Alikuwa mrefu, na macho yake yalinipima bila haraka.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia. Hilo nilikuwa nimejifunza.

Alikuwa anajua Kiswahili cha mnadani, kinachotosha. Nikamwambia kwamba tulichosema mara ya kwanza hakikuwa sahihi. Dawa ilikuwa nzima. Ndama wake waliuawa na ugonjwa unaotoka kwa nyati, na dawa ile haiwezi kuuzuia.

"Nyati," akasema. "Nyati wanakunywa hapo chini kila siku. Nilimwambia yule mtu wa Wasso. Akaandika kwenye kitabu chake."

"Aliandika?"

"Mbele yangu. Akaniuliza wangapi, wanakuja wakati gani, akaandika." Akamwachia ndama akaenda zake. "Yuko wapi? Kwa nini haji?"

"Aliacha kazi, yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Kwa nini?"

"Tulisema dawa ilikufa mikononi mwake. Aliyesema ni mimi."

Sijui nilikuwa nategemea nini, labda maneno makali. Aliuliza tu kama ndama wahame bondeni leo au kesho. Mwenzangu wa mifugo akamwambia leo. Akaita watu wa boma kwa sauti kubwa, na tukiwa bado tumesimama pale ndama walianza kupandishwa upande wa juu, mbali na maji. Mimi sikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Nilisaidia kumsukuma mmoja aliyegoma, akanikanyaga mguu.

Wasso nilikwenda kwa basi, peke yangu, siku nzima kwenye vumbi. Nilimkuta kwenye duka la dawa za mifugo ambalo alikuwa amelifungua karibu na stendi, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na makopo ya dawa ya kuogesha yaliyopangwa kwa ukubwa. Alikuwa anamweleza mteja namna ya kuchanganya dawa na maji. Aliponiona hakukatisha maelezo. Alimaliza, akamrudishia mteja kopo, kisha akanivutia kigoda.

"Karibu, dada. Umetoka mbali."

Nilimweleza yote, tangu matoleo mawili hadi neno la herufi tano. Nilijaribu kutumia mfano wa mbuzi saba kwenye mazizi manne, nikachanganyikiwa mwenyewe. Alinisubiri nimalize.

"Nilijua mtungi ulikuwa mzima," akasema. "Lakini mlipoonyesha lile jedwali ukutani, hata mimi nilianza kujitilia shaka. Nilirudi nyumbani nikawa najiuliza ni siku gani nililala njiani, ni wapi kifuniko kililegea. Nimejiuliza miezi yote hii."

Nilisogeza kigoda karibu na kaunta.

"Ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi?" akauliza.

"Ndiyo. Ningeiacha tu."

"Na uliiacha kuitumia kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni ya zamani."

Hakucheka. Alichukua kitambaa akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari. Nikamwambia kwamba mkuu wa mradi anamwomba arudi kazini, na hilo lilikuwa kweli, nilikuwa nimelipigania. Akasema hapana, duka limeanza kujulikana. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine tunachoweza kufanya.

"Kuna kimoja," akajibu. "Ulisema mbele ya watu. Ukaseme tena mbele ya watu wale wale, nami niwepo."

Kikao hicho kilifanyika Karatu baada ya wiki mbili, kwenye chumba kile kile cha mbele. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilisoma ukurasa wangu kwa sauti. Ulisema nani alikosea, kwa namna gani, na kwamba daftari la mchanjaji lilikuwa sahihi tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na mstari kuhusu nyati wanaokunywa bondeni ambao hatukuusoma. Mkuu wa mradi alisimama akampa mkono, akasema samahani, na ilikuwa samahani fupi lakini iliyosikika. Mchanjaji alishukuru, akauliza kama anaweza kupata nakala. Nikampa. Aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akaaga ili awahi gari.

Yule dada wa klasta na wenzake waliiondoa Python ya zamani mwaka uliofuata, kama alivyokuwa amesema. Kabla hawajaiondoa niliiandika upya ile programu kwa toleo jipya, mstari kwa mstari, kwa miezi mitatu, na nikaiwekea sharti: haigusi sampuli ya mtu yeyote kabla haijapata tano kwa tano kwenye mfano. Inafanya kazi vizuri. Watafiti wengine wawili wameiomba, nimewapa.

Mimi na mchanjaji hatujawa marafiki. Wafugaji wa upande wa Loliondo ndama wao wanapokufa humletea sampuli dukani, naye hunitumia kwa basi kwenye kiboksi cha barafu. Hunipigia kuniambia ni ngapi. Zikifika nampigia kumwambia nimepokea ngapi, kisha nazipeleka maabara. Huwa anauliza nitazifanyia kazi lini, nami namtajia siku, naye anaandika.